Alinitosha Mu Nyumba

Katika wodi ya moyo ya hospitali moja kubwa ya Jeddah, wauguzi walikuwa Wafilipino, Wahindi, Wamisri na Mtanzania mmoja, Euphrasia, mwenyeji wa Bukoba. Kwa hiyo siku alipoletwa msichana wa Kongo juu ya machela, asiyejua Kiarabu wala Kiingereza na aliyefumba macho kwa makusudi, jina lililoitwa koridoni lilikuwa moja tu.

"Sista Frazia! Yalla, njoo. Ndugu yako huyu."

Euphrasia akafika, akainama. "Hujambo, mwanangu?"

Msichana akafumbua jicho moja, kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kufungua. "Jambo, mama. Niko na kiu."

"Hatusemi 'niko na kiu', mwanangu. Tunasema 'nina kiu'," Euphrasia akasema, na papo hapo akamletea kijiko cha maji, maana zaidi ya kijiko daktari hakuruhusu.

Ndivyo walivyoanza, na ndivyo walivyoendelea. Euphrasia alifundishwa Kiswahili na masista wakali, na tangu hapo hakuweza kusikia ngeli ikivunjwa akanyamaza. Aliwasahihisha Wakenya waliokutana naye katika soko la Kandara, mtaa wa hapo Jeddah. Aliwasahihisha watangazaji wa redio, ingawa hawakumsikia. Huyu mtoto naye akasahihishwa, kwa upendo wote, asubuhi na jioni.

Jina lake lilikuwa Mwayuma. Alitoka kijiji kimoja upande wa Kasongo, na umri wake ulikuwa miaka kumi na sita, ingawa mwili ulikuwa wa kumi na miwili. Homa ya utotoni ilikuwa imemharibia vali ya moyo. Shirika la misaada lilimkuta Kindu, akitunzwa na watu wa msikiti, likamleta Jeddah pamoja na wagonjwa wengine wanane. Wakamfungua kifua, wakamwekea vali ya chuma. Alipopona, ukikaa karibu naye mahali penye utulivu ulisikia kitu kikigonga ndani yake kama saa ndogo ya mkononi.

Vali hiyo ilikuwa na masharti. Kila siku ameze dawa ya kuzuia damu isigande, na kila baada ya wiki chache damu ipimwe, maisha yake yote. Dawa ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, anavuja. "Huko anakorudi kuna maabara?" daktari aliuliza. Watu wa shirika walikuwa watu wema, ila kazi yao ilikuwa moyo. Mambo ya makazi hawakuyajua.

"Sitaki kurudi, Mama," Mwayuma alimwambia Euphrasia wakati wa kubadilisha bandeji.

"Kwa nini?"

Msichana akavuta shuka hadi puani.

Euphrasia hakulazimisha. Alijua kule kuna vita, kila mtu alijua. Tena mtoto mwenyewe hakuwa mpweke kabisa, maana kila siku alimtaja baba yake mdogo. Baba mudogo Shabani iko na baiskeli. Baba mudogo Shabani anajua kuchekesha watu. Mama yake Mwayuma alikufa zamani, baba yake alikwenda kwenye migodi asirudi, na huyu Shabani ndiye aliyemlea. Euphrasia alisikiliza, akasahihisha "iko na" kuwa "ana", akafurahi kwamba mtoto ana mtu.

Ofisa ustawi wa hospitali ndiye aliyemshauri. "Jaribu Riyadh, kwenye ofisi ya wakimbizi. Wakikubali kwamba hawezi kurudi, huenda wakamwombea nchi itakayompokea. Huko atapata dawa, na shule pia. Wasipokubali, halas, imekwisha, anapanda ndege."

Wakaenda Riyadh. Waliruka asubuhi kwa ndege ya ndani, na kule wakapokewa na Alfayo, Mkenya aliyekuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Suwaidi. Aliyemwomba awasaidie ni Keziah, Mkenya mwenzake na rafiki yake Euphrasia.

Aliyewahoji ni mama wa Kijordani, Bi Rima, mwenye miwani na sauti ya chini. Ofisi ilikuwa na wakalimani wa Kisomali, Kiamhara na Kitigrinya, lakini siku hiyo wa Kiswahili hakupatikana. Bi Rima akasita, kisha akamwambia Euphrasia kwa Kiingereza, "Wewe ni muuguzi, na ni lugha yako. Tafadhali tusaidie."

"Ni lugha yangu," Euphrasia akasema.

Mwanzoni mambo yalikwenda taratibu. Mwayuma alitafuta maneno yake moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto, akimtazama Euphrasia kila baada ya sentensi. Kisha Bi Rima akauliza kuhusu siku wanamgambo walipoingia kijijini. Hapo mtoto akainamisha kichwa. Machozi yakamwagika na maneno yakafuata mbiombio, yale ya kwao, yasiyopigwa pasi.

"Ile siku walikuja na moto. Baba mudogo alinitosha mu nyumba, yeye akabakia mule."

Euphrasia akamshika mkono. Yatima anasema baba mdogo alimtosha! Akatafsiri kwa uangalifu: siku hiyo walikuja na moto. Nyumbani, baba yangu mdogo alikuwa ananitosha, sikuhitaji mtu mwingine. Yeye amebaki kule.

Bi Rima akaandika. "Bado yuko kule?"

"Bado yuko kule, mwanangu?"

"Ndiyo," Mwayuma akasema, akifuta pua kwa mtandio. "Bado iko kule."

Hata hapo Euphrasia alitaka kumwambia kwamba ni "yuko". Akamhurumia, akaacha.

Jibu lilikuja kwa simu, wiki ya mwisho ya Ramadhani. Bi Rima alizungumza kwa upole. Ombi halikukubaliwa. Msichana ana ndugu mlezi, yupo nyumbani, na kwa maneno yake mwenyewe anamtosheleza. Shirika lingesaidiwa kumtafuta huyo baba mdogo ili ampokee. Kama yangetokea maelezo mapya, mlango wa kuomba upya bado haujafungwa. Watu wa shirika, ambao nao walikuwa wakingoja, wakakata tiketi ya siku chache baada ya Idi.

Euphrasia hakumwambia Mwayuma. Ijumaa ilikuwa karibu, na Ijumaa ilikuwa siku yao. Mwayuma aliruhusiwa kutoka nyumba ya wagonjwa ya shirika, alikokuwa akilala, na Keziah naye alipewa mapumziko na madam wake wa mtaa wa Al-Rawdah, jambo ambalo wasichana wengi wa kazi za ndani waliliota tu. Wote watatu walikutana kwenye chumba cha Euphrasia huko Kandara, juu ya duka la mabegi, wakapika futari.

"Umemwambia?" Keziah akanong'ona, akimenya vitunguu.

"Bado. Ale kwanza."

"Ale kwanza! Frazia, wewe ukitaka kumdunga mtu sindano unamnunulia soda kwanza?"

"Nyamaza, anakuja."

Mwayuma aliingia na vikombe. Siku hizo mashavu yalikuwa yameanza kujaa. Keziah alikuwa amebandika maziwa ya chai, na kama kawaida yake alikuwa akisimulia kwa mikono yote miwili: jinsi madam alivyomtuma aoshe zulia, na bosi akamtuma aandae kahawa, na nyanya wa nyumba akamtuma amtafutie meno yake, vyote kwa dakika ile ile. Nyuma yake maziwa yakaanza kupanda.

"Tosha!" Mwayuma akasema. "Mama Keziah, tosha!"

"Haijatosha, dear. Tuko watatu, na mimi peke yangu ni vikombe viwili." Keziah akachukua paketi, akaongeza maziwa.

"Haina vile, hapana! Tosha! Tosha!"

"Aki huyu mtoto na uchoyo! Maziwa ni yako?"

Yakafurika. Moto ukafoka, harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa chumbani. Mwayuma alishika sufuria kwa pindo la mtandio, akaiweka sakafuni kwa kishindo, akasimama akihema, mkono kifuani. "Nilisema tosha! Tosha ku moto!"

"Si ungesema toa?" Keziah akalalamika, akirukaruka kukwepa maziwa. "Tosha ni tosha. Kwetu ukisikia tosha, jua mambo yameenea!"

"Kwetu kutosha ni…" Mwayuma akakatiza. Akamgeukia Euphrasia kwa aibu, akingoja kusahihishwa. "Samahani, Mama. Toa. Nitasema toa."

Euphrasia alikuwa amesimama na kisu mkononi, na nyanya nusu ubaoni. Hakusahihisha.

"Hapana," akasema polepole. "Sema kama mnavyosema kwenu. Kiatu kiko mguuni, hukitaki tena. Unafanya nini?"

"Natosha kiatu."

"Jino bovu?"

"Munganga anatosha jino." Mwayuma alianza kutabasamu, akidhani ni mchezo. Akaona uso wa Euphrasia, tabasamu likakoma.

"Na baba yako mdogo," Euphrasia akasema. "Siku ile ya moto."

Keziah, aliyekwisha kuinama kufuta sakafu, akaacha.

"Alinitosha mu nyumba," Mwayuma akasema. "Nyumba ilikuwa inawaka. Mimi sikuweza kukimbia, juu ya moyo. Alinibeba, akanisukuma ku dirisha, watu wakanipokea. Yeye akabakia mule. Paa ilianguka."

Euphrasia akaketi juu ya gunia la mchele.

"Lakini, Mama, nilisema," msichana akaendelea, akishangaa. "Si nilimwambia yule mama wa Riyadh? Ulikuwapo. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Kila siku unasema ana baiskeli," Keziah akaingilia taratibu. "Ana hiki, ana kile. Sisi tulijua yuko hai, mrembo."

"Nikisema alikuwa na baiskeli," Mwayuma akajibu, "basi imekwisha."

Keziah akamtazama rafiki yake, akatikisa kichwa. "Frazia. Umemkatia mtoto tiketi ya kwenda kwa marehemu."

Lilikuwa neno kali, na lilikuwa kweli. Hapo ndipo Mwayuma alipoelezwa yote: simu, jibu, tiketi. Euphrasia alieleza mwenyewe, hakumwachia Keziah. Alieleza pia kosa lilikuwa la nani. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Tunaweza kumwambia tena?"

Bi Rima alisikiliza kwenye simu bila kukatiza, na alipojibu alijibu kama mtu aliyewahi kudanganywa mara nyingi na bado hajakata tamaa na watu. "Sista, jiweke mahali pangu. Tiketi imekatwa, na sasa baba mdogo amefariki. Nami naambiwa na mkalimani yule yule kwamba mara ya kwanza alikosea."

"Najua inavyoonekana."

"Mlete. Nitatafuta mkalimani wa kwao kwa simu. Wewe unaweza kukaa naye chumbani kwa sababu ya afya yake, lakini hutasema neno. Hata moja. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Safari ya pili Alfayo aliwangoja nje ya uwanja wa ndege na gari kubwa la bosi wake. "Ingieni, ingieni! Bosi amelala, akiamka bila gari, ikama yangu, kibali changu cha kukaa, naila kavu." Akawapitisha Riyadh kwa kasi akiimba, akaacha alipowaona kwenye kioo. "Mbona mmenyamaza hivi? Mnaenda kuhojiwa au kuhukumiwa?"

"Mimi ndiye nimekatazwa kusema," Euphrasia akasema.

"Wewe?" Alfayo akacheka hadi akapiga usukani. "Hiyo ndiyo hukumu!"

Mwayuma naye akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, na Euphrasia akamshukuru yule mjinga kimoyomoyo.

Chumbani, simu iliwekwa katikati ya meza. Sauti ya mwanamume ikatoka, nzito, yenye mikwaruzo ya mbali. Alijitambulisha kuwa ni Absalom, mtu wa Bukavu anayeishi Kampala.

"Mwayuma, mwana yangu, unanisikia?"

"Ndiyo, baba."

"Muzuri. Sasa ongea sawa vile unaongeaka kwenu. Usitafute Kiswahili ya watu. Mimi niko hapa."

Euphrasia aliona mabega ya mtoto yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kisha Mwayuma akaanza kusema, na alikuwa mtu mwingine. Hakukanyaga mawe tena. Alisema haraka, kwa mikono, kwa kuiga sauti za watu. Miezi yote ile Euphrasia alidhani huyu ni mtoto wa maneno machache. Sasa akaelewa kwamba maneno alikuwa nayo tele, ila hakuna aliyemwachia nafasi ya kuyatumia.

Alieleza moto, dirisha, paa. Bi Rima akauliza kwa nini mara ya kwanza alisema baba mdogo bado yuko kule.

"Iko kule," Mwayuma akasema. "Walimuzika nyuma ya nyumba, pale alikuwa anatengenezea baiskeli. Nani amutoshe pale? Bado iko kule."

Absalom akatafsiri. Bi Rima akamuuliza kuhusu neno lile 'kutosha', naye akaeleza kwa Kiingereza, bila haraka, na Euphrasia akatazama magoti yake.

Katikati ya maelezo laini ikakatika. Mwayuma alikuwa ndio kwanza ameanza kusema jambo jipya. Bi Rima akamtazama Euphrasia, na kwa sekunde chache ilionekana kama atamwomba amalizie. Sasa Euphrasia alielewa kila neno. Ulimi ulikuwa tayari. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye simu, wakangoja mpaka Absalom aliporudi.

"Mwambie atueleze huyo Shabani alikuwa mtu gani," Bi Rima akasema. Euphrasia hakujua kama swali hilo lilikuwamo katika kazi yake au alitaka tu kujua.

Mwayuma akavuta pumzi. Alikuwa fundi wa baiskeli, akasema. Jina lake lote ni Shabani Musafiri. Shule ilikuwa mbali na yeye moyo ulikuwa haumruhusu kutembea, basi kila asubuhi baba mudogo alimbeba nyuma ya baiskeli, akamshusha mlangoni mwa darasa kabisa, siyo getini. Watoto walimcheka, wakamwita gunia. Baba mudogo akawaambia: ndiyo, ni gunia ya akili, ndiyo maana ni nzito. Mvua ikinyesha alimfunika kwa nailoni na yeye mwenyewe akalowa. Wateja walikuwa wakimlaumu kwamba anachelewa kufungua kazi. Akawajibu kwamba baiskeli mbovu inaweza kungoja, mwaka wa shule haungoji.

"Nilifika mwaka wa tano," akasema. "Nikaishia pale."

"Na unataka nini sasa?" Bi Rima akauliza.

"Wa sita."

Absalom alitafsiri. Bi Rima akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Ofisi haikuwa na haraka, na Euphrasia alijifunza kungoja bila kupiga simu kila siku. Tiketi ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena, kisha shirika likaacha kuizungumzia. Idi nyingine ikakaribia. Habari ilipokuja, ilikuja nusu: ombi limekubaliwa, na kwa ajili ya moyo wake jina lake limepelekwa kwa nchi zinazopokea wakimbizi. Nusu ya pili ilikuja wakati wa baridi ile ndogo ya Jeddah ambayo wenyeji huivalia makoti: Kanada itampokea. Kuna familia iliyojitolea, kuna hospitali, kuna shule.

Katika kungoja huko walisoma. Euphrasia aliazima vitabu vya wodi ya watoto, vya Kiingereza, vyenye picha za sungura na matrekta, na Mwayuma akavimaliza vyote akaomba vikubwa zaidi. Jioni nyingine ilikuwa zamu yake kufundisha, na Keziah akajifunza Kiswahili cha Maniema, kwao Mwayuma, ili tu apate kumchokoza Euphrasia nacho.

Kwenye uwanja wa ndege Keziah alilia waziwazi, akimfunga Mwayuma skafu tatu juu ya koti. "Huko ni friza, umesikia? Na ukiulizwa nani alikufundisha Kiingereza, usiseme Frazia. Sema umejifunzia Kenya."

"Mwache mtoto apumue," Euphrasia akasema. Aliangalia tena mfuko wa dawa, akarudia saa za kumeza, akarudia jina la daktari wa huko. Hakuwa na kitu kingine cha kurudia. Mwayuma akamkumbatia, na ile saa ndogo ikagonga baina yao, taratibu, bila kukosea. Kisha akaenda na mtu wa shirika la uhamisho, akijivutia begi mwenyewe.

Kutoka Kanada alipiga simu mara nyingi wiki za kwanza, na kila mara hakutaka kukata. Alikuwa akiacha simu wazi hata maneno yakiisha, Euphrasia akisikia tu upepo au sahani za watu wa nyumba ile, mpaka yeye ndiye aseme, haya mwanangu, lala sasa.

Kisha ikapita wiki nzima bila simu. Ilipolia, Euphrasia alikuwa anatoka zamu, na nyuma ya sauti ya Mwayuma kulikuwa na kelele za watoto na milango ya makabati.

"Mama, niko shule! Damu imepimwa, iko sawa. Ila wameniweka na watoto wadogo. Mimi ni murefu kuliko wote, nakaa nyuma."

"Si kitu. Utawafikia wenzako."

"Kuwafikia?" Mwayuma akasema. "Mimi nataka kuwapita. Mwalimu wa hesabu ananipa ya darasa la juu, anasema… Mama, kengele. Nakwenda."

Akakata.

Euphrasia akabaki koridoni ameshika simu sikioni. Mfilipino mmoja aliyepita na kigari cha dawa akamuuliza kama kuna tatizo.

"Mafi," Euphrasia akasema. "Hakuna kabisa. Amenikatia simu."